Bihar 2025: wamepata kura nyingi kuliko chama chochote, wakaambulia viti 25. Imekuwaje?

Ijumaa ya tarehe 14 Novemba 2025 sikupata usingizi wa Ijumaa. Hapa Muscat ndo siku yetu ya kupumzika, lakini chumba cha pili yupo jamaa wa Siwan, huko Bihar nchini India, tunafanya nae kazi mwaka wa tano huu, na kwao kura za uchaguzi wa bunge la Bihar zilianza kuhesabiwa saa mbili asubuhi ambayo kwetu huku ni saa kumi na mbili na nusu, basi toka muda huo simu yake ni mtangazaji wa Kihindi anapiga kelele tu mpaka nikaona bora niamke nichemshe chai tukae wote tuangalie. Yeye mwenyewe hakupiga kura. Mhindi aliye nje anaruhusiwa kujiandikisha ila lazima afike mwenyewe kituoni kwao, hakuna kupigia ubalozini wala kutuma kwa posta, na nauli ya kwenda na kurudi ingemmalizia akiba.

Jamaa ni mtu wa RJD, chama cha Lalu Prasad Yadav na mwanae Tejashwi. Kufika saa nne alishanyamaza. Jioni akaja na simu akanionyesha ukurasa wa Tume ya Uchaguzi ya India, pale kuna duara limekatwa vipande vya rangi kama keki, kila chama na asilimia yake, na kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha chama chake, asilimia 23. Halafu akashusha kidole mpaka kwenye viti. 25, kati ya 243. Akaniuliza, sisi ndo tumepata kura nyingi kuliko chama chochote, sasa viti vyetu viko wapi?

Siku ile sikuwa na jibu la maana, nikamwambia pole tu. Lakini swali lake lilinikaa, nikaanza kuzichimba zile namba jioni baada ya jioni, na naona sasa naweza kulielezea, tena kwa sisi wa Afrika Mashariki ni rahisi kulielewa maana wanapiga kura kwa mtindo uleule tuliorithi wote kwa Mwingereza.

Kwanza tukubaliane maneno. Kiswahili kinatuchanganya hapa kwa sababu neno jimbo tunalitumia kwa state na tunalitumia kwa eneo la mbunge, kwa hiyo Bihar nitaiita Bihar tu, na nikisema jimbo namaanisha jimbo la uchaguzi, yako 243, kila moja linatoa mbunge mmoja wa bunge la Bihar kule Patna, anayeongoza kwa kura hata moja anachukua, wa pili anaenda nyumbani mikono mitupu hata kama alipata kura laki moja. Kuunda serikali unahitaji viti 122. Na neno laki lenyewe ni lao, limekuja kwetu kwa jahazi na wafanyabiashara, wao wanasema lakh, na laki mia moja wanaita crore, yaani milioni 10. Nitatumia laki, hesabu zao zinakaa vizuri zaidi.

Sasa namba zenyewe. Mwaka 2020 RJD ilisimamisha wagombea 144, ikapata kura kama laki 97, asilimia 23 na ushee, ikatoka na viti 75 na ndo ikawa chama kikubwa kuliko vyote bungeni. Mwaka 2025 ikasimamisha 143, ikapata kura kama laki 115, asilimia ileile 23, ikatoka na viti 25. Soma tena hapo. Kura zimeongezeka karibu laki 18, asilimia haijasogea, viti vimeporomoka kwa theluthi mbili. Mtu akikwambia wananchi wa Bihar wamemkimbia Tejashwi mwambie hapana, waliokuwa nae 2020 kwa ujumla wao wamebaki nae. Kilichobadilika ni upande wa pili wa mizani.

Upande wa pili ni NDA, muungano wa BJP ya Narendra Modi, waziri mkuu wa India, JDU ya Nitish Kumar, aliyekuwa waziri kiongozi wa Bihar wakati huo, na vyama vidogo vitatu. Kwenye lile duara la keki kila kimoja kina kipande chake, BJP asilimia 20 na kidogo, JDU 19 na kidogo, ndo maana RJD inaonekana kubwa. Lakini duara lile linahesabu kura za Bihar nzima, na hakuna chama kilichogombea Bihar nzima. BJP iligombea majimbo 101 tu, JDU 101, mengine wakawaachia wenzao, na pale BJP ilipokuwa haina mgombea wafuasi wake waliambiwa wapigie mshale, alama ya JDU, na pale JDU ilipokuwa haina mgombea watu wake wakapigia yungiyungi, alama ya BJP. Kwa hiyo chukua kura gawa kwa idadi ya majimbo ambayo chama kiligombea, utaona picha nyingine kabisa. RJD inapata wastani wa kura kama 80,000 kila jimbo ililogombea. JDU kama 96,000. BJP karibu 100,000. Na jimbo la wastani lilikuwa na kura kama laki mbili na kidogo. Yaani RJD kila ilipoingia ilipata kama kura 39 katika kila 100, ni nyingi sana hizo, kwenye mashindano ya watu watatu unashinda nazo, ila kwenye mashindano ya watu wawili ni kushindwa, jimbo baada ya jimbo baada ya jimbo.

Hiyo ndo ishu yote kwa kifupi, na ukitaka kuithibitisha rudi nyuma uone jinsi mchezo huohuo ulivyomgeukia kila mmoja wao kwa zamu.

Mwaka 2015 chama kilichopata kura nyingi kuliko vyote Bihar kilikuwa BJP, kura kama laki 93, asilimia 24. Viti? 53. RJD kwa asilimia 18 ikachukua 80, JDU kwa asilimia chini ya 17 ikachukua 71. Kwa nini? Kwa sababu mwaka ule Nitish alikuwa amegombana na BJP akaungana na Lalu, hasimu wake wa miaka mingi, wakaongeza Congress, chama cha kina Nehru na Gandhi, wakagawana majimbo, 101 kwa 101 na 41 kwa Congress, na BJP iliyotanua wagombea kwenye majimbo 157 ikajikuta kila mahali inapambana na kura za vyama vitatu vilivyomwagwa kwenye ndoo moja. Muungano ule ukapata viti 178. Na 2010 hivyohivyo lakini kinyume, Nitish akiwa na BJP walipata 206, na RJD ikaambulia 22 ingawa asilimia yake ya kura ilikuwa juu ya ile ya BJP iliyopata 91. Kwa hiyo kilichomkuta jamaa yangu wa Siwan si jambo geni wala si mara ya kwanza, ni namba zilezile zinabadilishana mashati.

Ila 2020 ndo mwaka mtamu wa kujifunza maana hapo mizani ilisimama karibu sawasawa. NDA asilimia 37 na robo, upinzani, yaani RJD, Congress na wenzao, asilimia 37 na karibu robo, tofauti ya Bihar nzima haikufika hata kura 15,000 kati ya kura kama crore nne. NDA ikapata viti 125, upinzani 110. Kwenye jimbo la Hilsa, wilaya ya Nalanda anakotoka Nitish mwenyewe, mgombea wa JDU alishinda kwa kura 12. Kumi na mbili! Watu 12 hata Hiace haijajaa. Alipata 61,848 na mwenzake wa RJD 61,836. Hesabu iliendelea mpaka baada ya usiku wa manane kwa sababu ulikuwa mwaka wa korona, vituo viliongezwa ili watu wasibanane, kwa hiyo mashine za kura za kuhesabiwa zikawa nyingi zaidi.

Na kwa nini 2020 NDA ilibanwa vile? Mtu mmoja, Chirag Paswan. Baba yake Ram Vilas Paswan, kiongozi mkubwa wa Wadalit wa Bihar, watu wa tabaka za chini kabisa, na waziri kwenye serikali nyingi za Delhi, alifariki tarehe 8 Oktoba 2020 kampeni ziko moto, na mtoto alikuwa tayari ameshaamua kutoka NDA ya Bihar, akasema yeye ni Hanuman wa Modi, mtumishi mwaminifu, hana ugomvi na BJP, ugomvi wake na Nitish. Akasimamisha wagombea zaidi ya 130, wengi wao palepale JDU ilipogombea. Alishinda kiti kimoja tu lakini alipata asilimia 5 na nusu za kura, na zile kura zikaikata JDU miguu kwenye zaidi ya majimbo 20 ambapo alichochukua yeye kilizidi pengo la kushindwa kwao. JDU ikashuka toka 71 mpaka 43. RJD ikaonekana imepaa. Kusema kweli ilikuwa imepaa kiasi, Tejashwi alifanya kampeni nzuri sana mwaka ule, aliahidi ajira laki 10 za serikali na vijana wakajaa viwanjani, lakini sehemu kubwa ya vile viti 75 ilitokana na ugomvi wa wapinzani wake, na nahisi hapo ndipo RJD ilipojidanganya kwa miaka mitano.

Maana 2025 Chirag akarudi. Akapewa majimbo 29, akashinda 19. Akarudi pia Upendra Kushwaha, ambae 2020 alikuwa kwenye kambi ya tatu hakupata hata kiti, safari hii akapewa 6 akashinda 4. Jitan Ram Manjhi, mtu wa jamii ya Musahar, jamii ya chini kabisa iliyokuwa inasifika kwa kula panya mashambani kwa umaskini, akapewa 6 akashinda 5. Ukijumlisha NDA ikafika kama asilimia 46 na nusu. Upinzani ukabaki kwenye asilimia 37 na kitu, yaani palepale walipokuwa. Viti 202 kwa 35.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu tabaka, ule mgawanyo wa jamii za Wahindi ambao mtu anazaliwa nao, la sivyo mtu hawezi kuelewa kwa nini vichama vya asilimia moja moja vina bei kubwa namna hii. Bihar ilifanya hesabu ya tabaka ikatangaza matokeo tarehe 2 Oktoba 2023, na ikaonekana watu wa tabaka za nyuma zaidi, zile ndogondogo zaidi ya mia, wavuvi, wasusi, wafinyanzi, wakamua mafuta, ni asilimia 36 ya watu wote. Wayadav, jamii ya wafugaji anakotoka Lalu, ni asilimia 14, ndo tabaka moja kubwa kuliko zote. Waislamu asilimia 17 na ushee. Ukijumlisha Wayadav na Waislamu unapata kama 32, hiyo ndo ngome ya taa ya chemli, maana alama ya RJD ni taa ya chemli, na ngome hiyo ni imara kweli, haitikisiki, lakini ina dari. Ukishafika pale huwezi kupanda bila wale wa asilimia 36, na wao kwa miaka ishirini wamekuwa wa Nitish zaidi. Halafu 2025 RJD ikatoa tiketi kwa Wayadav zaidi ya 50 kati ya 143. Msusi au mvuvi wa kijijini akiangalia orodha ile anaona nini? Anaona wenye nguvu wa kijiji chake wanarudi.

Na hapo inaingia kumbukumbu ya jangal raj, utawala wa porini, ndo jina lililopewa ile miaka 15 ya Lalu na mkewe Rabri Devi toka 1990 hadi 2005. Sipendi kulitumia kirahisi jina lile, maana jamaa yangu ananiambia babu yake alikuwa haruhusiwi kukaa kitandani mwenye shamba akipita, lazima asimame, na aliyewaambia wakae ni Lalu, na mtu aliyekurudishia heshima yako humsahau mpaka kaburini. Lalu ndie aliyemkamata L. K. Advani wa BJP pale Samastipur Oktoba 1990 akausimamisha msafara wake wa kwenda Ayodhya kudai hekalu la Wahindu lijengwe penye msikiti, na Waislamu wa Bihar hawajasahau. Lakini ni kweli pia utekaji nyara kwa fedha ulikuwa biashara, barabara zilikuwa mashimo, umeme hakuna, na Lalu mwenyewe akahukumiwa kwa kashfa ya chakula cha mifugo. Basi Oktoba 2025 Modi akaenda Samastipur hiyohiyo, akawaambia watu kwenye mkutano wawashe tochi za simu zao, uwanja mzima ukawaka, akawauliza kama pana mwanga wote huu mnahitaji tena chemli? Nimeiangalia video ile mara nyingi. Alama ya chama imegeuzwa kuwa hukumu ya chama.

Tuje kwa kina mama, na hapa ndo penye moyo wa uchaguzi wenyewe kwa maoni yangu. Waliojitokeza kupiga kura Bihar 2025 walikuwa karibu asilimia 67, haijawahi kutokea toka uchaguzi wa kwanza wa 1951 na 1952. Wanawake asilimia 71 na zaidi, wanaume chini ya 63. Kwenye daftari wanaume ni wengi kuliko wanawake, ila kwenye foleni siku ya kura wanawake walikuwa wengi hata kwa idadi. Sehemu ya sababu ni watu kama jamaa yangu, wanaume wa Bihar wako Delhi, Punjab, Surat, Ghuba, wanarudi kwa sikukuu ya Chhath kuabudu jua mtoni, na uchaguzi uliwekwa siku chache baada ya Chhath, tarehe 6 na 11 Novemba, ili wengine wabaki wapige, lakini wengi likizo inakwisha wanapanda treni kurudi kibaruani. Anayebaki kijijini ni mama.

Na Nitish aliliona hilo zamani. 2006 alianza kuwapa wasichana wa sekondari baiskeli, na ukienda Bihar wanakwambia wasichana wenye sare ya bluu wanaendesha kwa mafungu barabarani ndo kitu kilichobadilisha vijiji kuliko hotuba yoyote. Mwaka huohuo akawatengea wanawake nusu ya viti vya serikali za vijiji, Bihar ikawa ya kwanza India nzima kufanya hivyo. 2016 akapiga marufuku pombe, sheria yenye matatizo yake mengi, magendo yamejaa na maskini ndo wanaofungwa, ila ni kina mama walioiomba. Halafu kuna vikundi vyao vya kuweka na kukopa vinaitwa Jeevika, fikiria vikoba vyetu lakini vimeunganishwa na serikali kila kijiji.

Sasa tarehe 26 Septemba 2025, siku kumi tu kabla ya ratiba ya uchaguzi kutangazwa, serikali ikaanza kutuma rupia 10,000 kwenye akaunti za kina mama kupitia vikundi hivyohivyo, ya kuanzishia biashara ndogo, kwa kuanzia wanawake laki 75 siku moja, na malipo yakaendelea hata kampeni zikiwa zinaenda mpaka wakapita crore moja. Pensheni ya wazee na wajane ilikuwa imeshapandishwa toka rupia 400 kwa mwezi mpaka 1,100. Umeme yuniti 125 bure. Upinzani ukalalamika kwamba huku ni kununua kura, na mimi nakubaliana nao kwa hili kwamba hela ya serikali inayoingia mfukoni mwa mpiga kura katikati ya kampeni si haki kwa mshindani, Tume ingepaswa kuisimamisha mpaka kura zipigwe. Lakini Tejashwi nae akaahidi 30,000 kwa mkupuo kwa kila mama Januari akishinda, pamoja na ajira ya serikali kwa kila nyumba, na nyumba za Bihar ni zaidi ya milioni 25. Mama mwenye 10,000 mkononi akiambiwa kuna 30,000 inakuja, na anaeahidi hajawahi kumtumia hata mia, atamwamini nani? Elfu kumi peke yake isingetosha kama ile miaka ishirini ya baiskeli na vikundi isingekuwepo nyuma yake.

Kuna jambo la daftari la wapiga kura ambalo siwezi kuliruka. Juni 2025 Tume ilianza kulipitia upya daftari lote la Bihar, watu walitakiwa kujaza fomu na wengi kutoa vyeti ambavyo maskini hana, na rasimu ilipotoka tarehe 1 Agosti majina laki 65 hayakuwemo, kati ya crore 7.89. Walisema ni marehemu, waliohama na walioandikishwa mara mbili. Mahakama ya Juu ya India ikaingilia, ikaamuru orodha ya walioondolewa iwekwe hadharani pamoja na sababu, na kitambulisho cha Aadhaar kikubaliwe. Daftari la mwisho likawa crore 7.42. Je ndo limeamua matokeo? Kwa namba zilivyo sioni hivyo, pengo la pointi 9 ni kubwa, na waliopiga kura 2025 ni wengi kuliko 2020 kwa zaidi ya laki 70, kwa hiyo si kwamba asilimia ilipanda kwa kupunguza daftari tu. Lakini haki ya mtu kupiga kura haipimwi kwa kuuliza ingebadilisha matokeo au la. Kibarua aliyerudi toka Punjab akakuta jina lake halipo ameumizwa hata kama jirani zake wote wamepiga. Sandesh, jimbo la wilaya ya Bhojpur, JDU ilishinda kwa kura 27. Pale kila jina lina uzito.

Upinzani nao ulijikata wenyewe. Mpaka siku ya mwisho ya kuchukua fomu walikuwa bado wanavutana, na kwenye majimbo kama kumi hivi vyama vya muungano mmoja vikasimamisha wagombea wakagombea wenyewe kwa wenyewe, wakaita eti mapambano ya kirafiki. Congress ikang'ang'ania majimbo 61 ikashinda 6, na ilikuwa imeshafanya vilevile 2020, ilipewa 70 ikashinda 19. Chama cha AIMIM cha Asaduddin Owaisi wa Hyderabad kiliomba kuingia kwenye muungano, wakakikatalia, na kikaenda peke yake kule Seemanchal mpakani na Bengal kwenye Waislamu wengi, kikachukua viti 5, vilevile 5 kama 2020, na kikagawa kura kwenye mengine. Ukiangalia jinsi NDA ilivyomkusanya kila mwenye asilimia moja, na hawa wakamfukuza mwenye asilimia karibu mbili mlangoni, unaelewa. Kuna na Prashant Kishor, fundi wa kampeni aliyewahi kumsaidia Modi na baadae Nitish, safari hii kaanzisha chama chake Jan Suraaj, katembea vijiji vya Bihar kwa miguu, akazungumzia elimu na uhamiaji kuliko mtu yeyote, asilimia 3 na kitu, kiti sifuri. Mfumo huu wa majimbo hauna huruma na mtu aliyesambaa kidogo kidogo kila mahali.

BJP kwa viti 89 ikawa kubwa kuliko chama chochote bungeni Bihar, haijawahi kutokea baada ya uchaguzi wowote pale, JDU 85. Hata hivyo aliyeapishwa kuwa waziri kiongozi tarehe 20 Novemba pale Gandhi Maidan, Patna, ni Nitish Kumar, mara yake ya kumi. Mtu huyu aliachana na BJP 2013, akarudi 2017, akatoka 2022, akarudi Januari 2024, kwao wanamwita mzee wa kugeuka, na mara nyingi alikogeuka ushindi ulimfuata kwa sababu ya hesabu ileile niliyoieleza, yeye hana kura nyingi kuliko wote, ila upande atakaosimama ndo unaozidi.

Yote haya nimemweleza jamaa wa Siwan, nikamchorea na zile wastani za kura kwenye karatasi ya risiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanambia kitu ambacho alikuwa hajaniambia siku ile ya matokeo. Mama yake yuko kwenye kikundi cha Jeevika, hela iliingia mwanzoni mwa Oktoba, akanunua mbuzi wawili, na akapiga mshale. Alimpigia simu mwenyewe kumwambia, hakumficha. Nyumba nzima ni ya chemli toka enzi za babu, mama peke yake mshale. Serikali imesema watakaoonekana wameiendeleza ile biashara wanaweza kuongezewa mpaka rupia laki mbili, na mama ameniomba kupitia mwanae nimuulizie watu wa Zanzibar wanawatibu vipi mbuzi kwato zikioza, maana mmoja ameanza kuchechemea.